Kesho Imefika?

Mara ya kwanza tulipompeleka binti yetu kwenye bustani ya burudani alikuwa na miaka 2 na miezi 8. Naukumbuka umri huo mpaka miezi yake kwa sababu uamuzi wetu wote uliegemea hapo: miezi minne mbele angehitaji tiketi, na sisi tulitaka kuwahi. Tulifika geti likifunguliwa. Pale mlangoni palikuwa na kile chuma chenye mikono mitatu kinachozunguka ukikisukuma kwa kiuno. Yeye alikisukuma kwa viganja vyote viwili, kikalia tak, akapita, akacheka mpaka akakaa chini. Akataka kutoka nje ili aingie tena. Tulimbeba tukaenda zetu, maana nyuma yetu watu walikuwa wanasubiri, na mbele yetu kulikuwa na mambo makubwa tuliyoyapanga kwa wiki kadhaa.

Saa sita mchana alikuwa amelala kwenye kigari chake, shavu limebonyea kwenye mkanda. Gwaride likapita hatua chache kutoka alipo, ngoma, matarumbeta, wahusika wa katuni wanapunga mikono. Mimi na mama yake tukatazamana, tukamwamsha. Hadi leo najuta kumwamsha. Alifumbua macho usingizi haujamtoka, akakuta dubu mwenye kimo cha mtu mzima amemwinamia usoni, na akatoa kilio ambacho sijakisikia kwake kabla wala baada ya siku ile. Kwa wiki nzima baadaye, kila aliyemuuliza ameona nini huko alipata jibu lilelile: "Chuma kinazunguka."

Nimeishi na jibu hilo miaka sasa. Wazazi wenzangu huniuliza, kama mimi nilivyowauliza walionitangulia, mtoto apelekwe huko akiwa na umri gani. Majibu huja kwa namba. Huyu atakwambia 3, yule 5, mwingine atasema subiri afike 7. Namba si za kupuuzwa, na nitazirudia, lakini naamini tunaanzia pasipofaa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: mtoto yuko tayari pale anapoweza kuishika kesho na kuishika jana. Aweze kungoja kitu asichokiona, na akirudi aweze kumsimulia mtu ambaye hakuwepo. Kabla ya hapo anapokea rangi, kelele na jua, lakini safari yenyewe, safari yenye mwanzo na mwisho, inabaki kuwa ya wazazi wake. Kwa watoto wengi ninaowajua, uwezo huo hukomaa kati ya miaka 4 na nusu na 6.

Kinachowasukuma wengi wawahi zaidi ya hapo ni tiketi, kama ilivyotusukuma sisi. Kwenye bustani za Disney za California na Florida, mtoto asiyefikisha miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 9 hukatiwa tiketi ya mtoto, na kuanzia 10 anahesabiwa mtu mzima. Disneyland Paris nayo huwaachia bure walio chini ya miaka 3, ila tiketi yake ya mtoto hufika mpaka miaka 11. Nenda Tokyo Disneyland, mstari unasogea: wa miaka 3 bado anaingia bure, na tiketi ya mtoto inaanzia miaka 4. Kwa hiyo mtoto yuleyule wa miaka 3 na nusu ni mgeni wa bure Japani na mteja wa kukatiwa tiketi Marekani. Hakuna kilichobadilika mwilini wala akilini mwake alipokuwa angani kwenye ndege. Mstari ule umechorwa na wenye biashara kwa hesabu zao, na wana haki ya kuuchora. Kosa ni letu tunaousoma kama ushauri wa malezi.

Na ukikaa ukapiga hesabu vizuri, hiyo bure inaokoa tiketi moja tu, ya mtu mdogo kuliko wote. Tiketi za wazazi zinalipwa. Usafiri unalipwa, malazi yanalipwa, siku za likizo kazini zinakatwa. Familia inatumia kila kitu ili kuokoa kitu kimoja, na mara nyingi inatumia kwa ajili ya mtoto ambaye sehemu ya kilichomo ndani hakimhusu bado.

Hakimhusu kwa sababu namba inayoamua atafanya nini ndani ni sentimita. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani akitimiza miaka 3 ana kimo cha kama sentimita 96 akiwa wa kiume na 95 akiwa wa kike. Akitimiza 5 ni 110 na 109. Akitimiza 7 anakaribia 121 au 122. Sasa chukua Magic Kingdom, moja ya bustani za Disney za Florida. Kitreni cha Seven Dwarfs Mine Train, ambacho ni cha upole kwa kulinganisha, kinadai sentimita 97. Kitreni cha kasi cha Space Mountain kinadai 112. Kingine cha kasi, TRON, kinadai 122. Mtoto aliyeanza kukatiwa tiketi jana tu, siku ya kutimiza miaka 3, amekosa sentimita moja au mbili za kile cha kwanza, cha pili atakifikia akishapita miaka 5, na cha tatu kinamngoja mpaka 7.

Kimo hicho hakina uhusiano na ushujaa. Kile chuma kinachoshuka mapajani, au kile kinachobana mabega, kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Kitreni kikiporomoka na kukata kona, mwili mdogo kuliko huo unaweza kunyanyuka au kuteleza chini yake. Ndiyo maana kinachonikasirisha kuliko vyote kwenye foleni hizo ni mzazi anayedanganya kipimo.

Niliwahi kusimama nyuma ya baba mmoja aliyekuwa amechutama, anakunja soksi na kuzisokomeza kwenye visigino vya viatu vya mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka mitano hivi. Alisogea kwenye ubao wa kupimia akitembea kama mtu anayekanyaga mayai, shingo ameivuta juu, hapumui. Mhudumu, msichana mdogo tu, akapiga goti mbele yake akamwambia kwa upole avue viatu. Mtoto akamgeukia baba yake. Soksi zikatoka, moja ya bluu, moja ya kijivu. Alipungukiwa upana wa vidole viwili. Baba akaanza kufoka, na wakati anafoka mtoto alikuwa anavaa viatu vyake mwenyewe, kichwa chini, kama aliyekamatwa akiiba. Alitoka pale akiamini kuwa ufupi wake ni kosa alilolitenda. Mambo haya bustani huyatangaza wazi kabla hujanunua tiketi. Mpime mtoto nyumbani, kwenye fremu ya mlango, bila viatu. Mwambie mapema hiki utapanda, hiki mpaka urefuke. Mtoto hulikubali jambo hilo vizuri ajabu akiambiwa akiwa sebuleni, na kwa uchungu mkubwa akiambiwa mbele ya umati.

Haki itendeke: michezo isiyodai kimo ni mingi. Farasi wa kuzunguka, mashua zinazopita taratibu kati ya vikaragosi, tembo Dumbo anayepaa na kushuka. Mtoto wa miaka 3 anaweza kujaza siku kwa hiyo peke yake. Na bustani zenyewe hazifanani. Legoland hujitangaza kuwa ya watoto wa miaka 2 hadi 12, na mwaka 2022 ilifunguliwa Florida, kando ya Legoland ya huko, bustani ya Peppa Pig iliyoundwa mahsusi kwa watoto ambao hawajaanza shule. Kwa hiyo swali la lini haliwezi kutenganishwa na swali la wapi. Bustani ndogo ambayo unaweza kuimaliza kwa miguu ya mtoto inavumilika miaka miwili mapema kuliko ile ambayo mtu mzima huondoka nayo na kilomita kumi kwenye nyayo.

Hizi kubwa, lakini, hazikuanza kama mahali pa watoto wachanga. Walt Disney alieleza kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi ndani ya Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakiwa kwenye farasi wa kuzunguka. Aliona watoto wanacheza na mzazi hana la kufanya. Alitaka mahali ambapo wakubwa na wadogo wangefurahi pamoja. Disneyland ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, binti yake mkubwa, aliyezaliwa Desemba 1933, alikuwa na miaka 21. Kila nikikisoma kisa hiki naona jambo lilelile: farasi wa kuzunguka waliwatosha wale wasichana. Aliyekuwa hajatosheka ni baba yao. Na hilo si aibu, mzazi naye ni mtu, ana haki ya kufurahi. Ila ni vizuri tujue tunapoagiza tiketi kwamba huenda sisi ndio tumekaa kwenye lile benchi.

Turudi kwa mtoto na kusubiri kwake. Mtu mzima akiambiwa foleni ni dakika 45, ana mahali pa kuziweka hizo dakika. Anajua zitakwisha. Mtoto wa miaka 2 hana pa kuziweka. "Bado kidogo" kwake ni neno tupu, halina urefu. Anachokijua ni kwamba amesimama kwenye msitu wa magoti ya watu, haoni mbele, na kile alichoahidiwa hakipo. Wabunifu wenyewe wanalijua hili. Magic Kingdom ilipopanua eneo la Fantasyland mwaka 2012, walimhamisha Dumbo na kumwekea wa pili pembeni yake, na kwenye foleni wakajenga hema lenye mahali pa kuchezea, ili watoto waparamie na kuteleza huku familia ikisubiri zamu yake. Walitumia fedha nyingi kukubali kwamba mtoto mdogo na foleni havipatani. Mahali pengine ndani ya bustani hizo hema hilo hakuna, na mzazi ndiye hema.

Kuna na usingizi. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo wake mwaka 2016: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwa ndani ya hesabu. Familia inayoamka saa 12 alfajiri ili iwahi geti, na kubaki mpaka fataki za saa 3 usiku, imemweka mtoto macho saa 15. Zimebaki 9, na bado hajafika kitandani. Mtoto wa miaka 5 aliyeacha kulala mchana anaweza kuubeba upungufu huo siku moja, akalipa kesho yake. Wa miaka 2 analipa hapohapo, chini, mbele ya duka la zawadi, na watu wanapita wakidhani hana adabu.

Na woga. Hapa ndipo nilipokosea kwa kutojua. Mwaka 1969 mtafiti Rheta DeVries alichapisha kazi aliyoifanya akiwa na paka mpole aitwaye Maynard. Watoto walimpapasa kwanza, wakasema ni paka. Kisha sehemu ya mbele ya paka ikafichwa, na alipotokea tena alikuwa amevaa kinyago cha mbwa mkali. Mkia na miguu ya nyuma ilikuwa ikionekana muda wote. Wengi wa watoto wa miaka 3 walisema sasa ni mbwa. Wa miaka 6 walishikilia kwamba paka ni paka, hata avikwe nini. Ukilijua hilo, unaelewa kilichompata binti yangu pale kwenye kigari. Sisi tuliona kijana mwenye joto ndani ya vazi la manyoya. Yeye aliona dubu. Mtoto mwingine wa umri wake angemkimbilia dubu huyohuyo na kumkumbatia goti, na chanzo ni kilekile: kwake yule ni dubu kweli. Hutabiri ni upande upi mtoto wako ataangukia mpaka umemwona mbele ya mtu aliyevaa kinyago, na ni afadhali umwone mahali padogo, kwenye sherehe ya jirani, kabla ya kulipia siku nzima ya wahusika hao.

Akifika miaka 5 kuna kitu kizuri kinachotokea. Anajua kuna mtu ndani, au anaanza kushuku, na bado anamwita mhusika kwa jina na kumuuliza habari za rafiki yake. Anashikilia yote mawili bila kugombana nayo. Kipindi hicho hakidumu, na kwangu mimi hicho ni sababu kubwa ya kutochelewa kupita kiasi kuliko hata sentimita 122.

Lakini hoja inayorudiwa kuliko zote ni ya kumbukumbu. "Mtamaliza fedha, mtoto atasahau." Tuliambiwa na shangazi yake, tukaambiwa na jirani, na nadhani kila mzazi ameambiwa. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu lina ukweli na lina kosa.

Ukweli ni kwamba watu wazima wengi, wakiulizwa jambo la kwanza wanalolikumbuka maishani, hurudi nyuma kwa wastani mpaka karibu miaka 3 au 3 na nusu, na hapo pazia linashuka. Kosa ni kudhani kwamba mtoto mdogo hakumbuki. Anakumbuka. Patricia Bauer na Marina Larkina walichapisha mwaka 2014 utafiti ambao watoto walirekodiwa wakiwa na miaka 3 wakizungumza na wazazi wao kuhusu mambo yaliyowapata, kisha wakaulizwa mambo hayohayo walipokuwa wakubwa zaidi. Waliokuwa na miaka 5 hadi 7 bado walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio. Wa miaka 8 na 9 walikumbuka chini ya asilimia 40. Kwa hiyo mtoto anaweka, na anakaa nayo miaka, kisha kama katika umri wa miaka 7 hivi vitu vinaanza kuondoka.

Kuna utafiti wa karibu zaidi na jambo letu. Mwaka 1991, watafiti Hamond na Fivush waliwahoji watoto 48 waliokuwa wamepelekwa Disney World ya Florida wakiwa na miaka 3 au 4, wengine baada ya miezi 6, wengine baada ya miezi 18. Wote walikumbuka mengi. Hata mwaka mmoja na nusu haukuwafuta. Tofauti ilikuwa kwenye namna: wakubwa walisimulia kwa undani zaidi na kwa kujianzia wenyewe, wadogo walihitaji kuvutwa kwa maswali. Na waliozungumza zaidi na familia zao kuhusu safari ile walikumbuka zaidi.

Mimi naushika huo mstari wa mwisho. Kumbukumbu ya safari inajengwa baada ya safari, nyumbani, kwa maneno, mtoto akisema na mzazi akiuliza na picha zikipita mkono kwa mkono. Mtoto asiye na maneno ya kutosha hana cha kujengea. Na mzazi asimwachie picha peke yake kazi hiyo. Mtafiti wa kumbukumbu Elizabeth Loftus na wenzake walionyesha mwaka 2002 jinsi jambo hili linavyoweza kwenda kombo: watu wazima walisomeshwa tangazo la kubuni lililomwonyesha Bugs Bunny, sungura wa katuni, akiwa Disneyland, na baadhi yao wakaamini baadaye kwamba walipokuwa wadogo walikutana naye huko na kushikana naye mkono. Haiwezekani, kwa sababu Bugs Bunny ni wa Warner Bros., kampuni nyingine ya filamu, na hana nafasi ndani ya Disneyland. Kwa hiyo kijana anayekwambia anakumbuka alivyobebwa mabegani kutazama fataki akiwa na mwaka mmoja, yawezekana sana anaikumbuka picha iliyoning'inia ukutani na sauti ya mama yake akiieleza.

Wapo wanaonijibu kwamba kumbukumbu si kitu, furaha ya sasa inatosha. Hatumbembelezi mtoto ili aje akumbuke, hatumwimbii ili atulipe. Nakubaliana nao kabisa, tena kwa moyo wote. Ila hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho wake haiishii bustanini. Kama tunachotafuta ni furaha ya mtoto wa miaka 2 leo hii, basi tuulize furaha yake imetengenezwa na nini. Ni maji ya kumwaga na kujaza tena. Ni changarawe. Ni ngazi tatu za kupanda na kushuka mara arobaini, na mtu mmoja anayempenda akiwa amekaa karibu bila haraka. Ni chuma kinachozunguka. Hivyo vyote viko karibu na mlango wa nyumba yoyote, havina foleni, na vinamwachia alale mchana.

Kwa hiyo ninaposema subiri, sisemi kwamba mtoto mdogo anapotezewa. Nasema hakosi kitu.

Kuna familia ambazo haziwezi kusubiri, na sitaki kuzihukumu. Wa kwanza ana miaka 8, wa mwisho ana 1, na si haki mkubwa aning'inizwe miaka mitano zaidi kwa sababu ya mdogo. Au kuna babu ambaye afya yake haitasubiri, na anataka kuwaona wajukuu wake mahali pale. Nendeni. Lakini mseme kwa sauti, kabla ya kufunga mizigo, siku hii ni ya nani. Bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kuanza foleni upya. Utaratibu huo unasaidia sana, ila unaokoa siku pale tu familia imekubali kugawanyika. Mzazi mmoja arudi na mdogo malazini saa sita, mwingine abaki na mkubwa mpaka fataki. Siku huharibika pale wote wanapong'ang'ania kukaa pamoja wakati wote, kwa ajili ya picha.

Ambao mna nafasi ya kuchagua, dirisha zuri ni ule mwaka kabla shule haijaanza kuwapangia ratiba. Mtoto wa miaka 5 anaweza kwenda Jumanne ya wiki isiyo na likizo, na Jumanne hiyo foleni ya dakika 60 inaweza kuwa ya 20. Akishaanza shule, mtakwenda siku ambazo kila familia nyingine inakwenda.

Kujua kama amefika hakuhitaji mtaalamu. Mwahidi jambo dogo la siku tano mbele, kumtembelea shangazi yake, na mchoree duara tano kwenye karatasi afute moja kila jioni. Akizisahau duara, bado. Akizipigania, amefika nusu ya njia. Kisha mkirudi kwa shangazi, mpe simu aongee na mtu ambaye hakuwepo, na wewe unyamaze. Ukisikia anaanza na "kwanza" na "halafu", hata mpangilio ukiwa umechanganyika, nunua tiketi.

Tulirudi binti yetu akiwa na miaka 5 na miezi 4, sentimita 110 kwenye fremu ya mlango wa chumba chake. Duara zilikuwa tisa. Kila asubuhi alikuja kitandani kwetu kabla hakujapambazuka, akanishika sikio na kuniuliza, "Baba, kesho imefika?" Siku ilipofika kweli, alisukuma kile chuma cha mlangoni akapita bila kukitazama. Tulikaa mpaka saa nane mchana tu. Alipanda mashua ileile mara tatu, na mara hii hatukumvuta kwenda kwingine. Mvua ikatukuta tukiwa tunatoka, tukajibanza chini ya paa la kibanda cha tiketi, yeye akihesabu watu wanaokimbia.

Jioni akampigia bibi yake. Nilikuwa namsaidia kusimulia, naingilia hapa na pale, nikafika kwenye dubu, safari hii alimpa mkono, na nikasema hilo lilitokea tulipokuwa tunasubiri mvua ikatike. Akaiweka simu kifuani ili bibi asisikie, akanitazama.

"Hapana, baba. Dubu alikuwa kabla ya mvua. Nilikuwa nimevua kiatu."

Nikatazama picha kwenye simu yangu. Alikuwa amevua kiatu.